Mji Usiosajiliwa Uliopitwa na Reli: Uchambuzi wa Kisa cha Nicodemus, Kansas

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinawalenga wanaofundisha historia ya makazi ya vijijini na wanaopanga miradi ya kuhifadhi vijiji vinavyopungua watu. Majina ya wakazi wa kawaida, wa zamani na wa sasa, yameachwa. Yaliyobaki ni ya watu waliotia sahihi hati za umma au walioshika nyadhifa.

Usuli

Nicodemus iko Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, karibu na tawi la kusini la Mto Solomon. Ilianzishwa mwaka 1877 na hadi leo haijasajiliwa kuwa mji. Makazi ya namna hii hayana meya wala baraza, hayatozi kodi kwa jina lake, na hayakopi. Yanayohitaji serikali hufanywa na kaunti na, chini yake, taunishipu: kipande cha kaunti chenye viongozi wachache wanaoangalia barabara za vumbi, makaburi na mambo ya aina hiyo. Msomaji wa Tanzania asikimbilie kusema ni kitongoji. Kitongoji kina mwenyekiti aliyepigiwa kura, na hapa hata huyo hayupo.

Waanzilishi walikuwa Wamarekani Weusi, wengi wao waliozaliwa utumwani Kentucky. Mara nyingi husemwa kwamba walikimbia Kusini baada ya majeshi ya serikali kuu kuondolewa huko mwaka 1877. Maelezo hayo yanakosea kidogo: Kentucky haikuwa miongoni mwa majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kwa hiyo haikupitia kipindi cha baada ya vita cha ujenzi mpya uliosimamiwa na jeshi. Lakini vitisho, mauaji na kilimo cha kugawana mavuno na mwenye shamba vilikuwapo huko pia, na kwa mtu aliyeachiwa huru bila hata robo ekari, neno "ardhi" lilikuwa na uzito kuliko neno "kura".

Ardhi hiyo ilikuwapo kwa sheria ya mwaka 1862 iliyomruhusu mkuu wa kaya kudai ekari 160 za serikali, aishi juu yake na kuilima miaka 5, kisha apewe hati. Dai liliandikishwa kwenye ofisi ya ardhi, ambayo kwa eneo hili ilikuwa Kirwin. Ada zilikuwa ndogo machoni pa sheria. Kwa familia ambayo haikuwahi kulipwa mshahara wa fedha taslimu, zilikuwa mlima.

Jambo la mwisho la usuli ni mvua, na ndilo linalosahaulika mara nyingi. Lexington, Kentucky, hupata zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka. Kaunti ya Graham hupata takriban nusu ya hizo, tena kwa kuruka: mwaka mmoja neema, miwili ukame. Hawa walikuwa wakulima hodari, wenye ujuzi wa nchi nyingine.

Mfuatano wa matukio

*1877: kampuni na tangazo.* Mwezi Aprili iliundwa Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Waliokuwamo walikuwa Weusi sita na Mweupe mmoja, W. R. Hill, mpimaji na mfanyabiashara wa viwanja. Rais alikuwa W. H. Smith na katibu Mchungaji Simon Roundtree. Eneo la mji lilikuwa robo moja ya sehemu ya maili mraba, yaani ekari 160, zilizokatwa viwanja. Matangazo yalisambazwa makanisani Kentucky yakisifu bonde lenye udongo mweusi, maji na nafasi. Tangazo la Lexington liliwaahidi waliotaka kusafiri mwezi Septemba kwamba wangeweza kwenda kwa dola 5.

*Septemba 1877: kundi kubwa.* Watu 300 na zaidi walifika kwa treni hadi Ellis, kituo cha karibu, kisha wakatembea maili 35 hivi (km 56) kuelekea kaskazini. Walipofika waliona nyika tupu na moshi ukitoka ardhini. Waliotangulia walikuwa wanaishi kwenye mashimo. Familia kadhaa zilifunga mizigo zikarudi upesi. Hill alilaumiwa kwa uongo wa tangazo, na hasira dhidi yake ilikuwa kali.

*Majira ya baridi ya kwanza.* Akiba ilikuwa ndogo na msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Simulizi za wazao husema Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Wanaume waliokuwa na nguvu walitembea kutafuta kazi za reli na za mashamba mbali na hapo, wanawake wakabaki na watoto mashimoni.

*1878.* Makundi mengine yalikuja majira ya machipuko, likiwamo moja kutoka Georgetown, Kentucky. Hilo lilipatwa na surua likiwa limepiga kambi Ellis, na watoto kadhaa wakafa kabla ya kuiona Nicodemus. Mwaka huohuo ilianza sherehe ya ukombozi, iliyofanywa Agosti 1, siku ambayo utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Uingereza ya visiwa vya Karibi mwaka 1834. Kuichagua tarehe hiyo badala ya ile ya tangazo la ukombozi la Rais Lincoln kunaonyesha kwamba watu hawa walikuwa wakifuatilia mambo ya dunia kuliko tunavyodhani.

*1879 hadi 1887.* Walowezi walivunja chombo chao cha kuombea misaada. Sensa ya 1880 ilihesabu Weusi 260 hivi na Weupe 60 hivi mjini na kandokando. Kulikuwa na posta, hoteli ya mawe, shule, kanisa la Kibaptisti na la AME (African Methodist Episcopal, dhehebu la Kimethodisti la Wamarekani Weusi), maduka, benki, na kufikia 1887 magazeti mawili, *Western Cyclone* na *Nicodemus Enterprise*. Mkazi mmoja, Edward P. McCabe, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas mwaka 1882. Makao makuu ya kaunti, hata hivyo, yalikwenda Millbrook kwanza, kisha Hill City, mji uliobeba jina la yuleyule W. R. Hill.

*1887 na 1888: reli.* Wapigakura wa taunishipu waliidhinisha hati fungani za dola 16,000 ili kuivuta reli ya Missouri Pacific. Wapimaji walikuja, reli haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, ikatandaza mataruma upande wa kusini wa mto, na kambi ya wajenzi ikawa mji wa Bogue, km 10 hivi kutoka Nicodemus. Wafanyabiashara walihamia huko, baadhi wakiburuta na majengo yao. Magazeti yakafa. McCabe akaelekea Oklahoma.

*Baada ya hapo.* Kilimo kiliendelea. Ukame na vumbi vya miaka ya 1930 viliwasukuma wengi Denver, Topeka na California. Posta ilifungwa 1953, shule 1960. Mwaka 1976 Nicodemus iliorodheshwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na Novemba 1996 Bunge la Marekani likaifanya eneo la kihistoria chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14.

Maamuzi na sababu zake

*Kuuza kabla ya kujenga.* Kampuni haikuwa na mtaji. Ada za walowezi ndizo zilizopaswa kulipia kila kitu, kwa hiyo watu waliitwa kabla ya kisima, nyumba au ghala kuwapo. Hill naye alikuwa na maslahi: kila aliyeonyeshwa kiwanja alikuwa chanzo cha ada. Kosa kubwa zaidi ni tarehe. Kumfikisha mkulima Septemba kaskazini-magharibi mwa Kansas ni kumfikisha wakati hawezi kupanda, kuvuna wala kukata miti ambayo haipo. Kundi hilohilo lingefika Aprili, lingepata angalau maboga na maharage kabla ya theluji.

*Kuishi ardhini.* Nyumba ya handaki si ishara ya ujinga. Hapakuwa na miti ila michache kando ya mto, na mbao za kununua zilikuwa mbali na ghali. Walichimba ubavuni mwa mwinuko ili kuta tatu ziwe za udongo uleule, wakaufunga upande wa mbele kwa mawe au mabonge ya udongo wenye mizizi ya nyasi. Paa lilikuwa boriti moja katikati, fito juu yake, kisha matawi na nyasi kavu, kisha mabonge yaliyopangwa kama matofali, nyasi zikiangalia chini. Kilichokuwa adimu kuliko vyote ni ile boriti. Handaki lilishika joto, na upepo wa kaskazini haukupenya. Kwa watu wasio na kuni, waliochoma mabua ya alizeti na kinyesi kikavu cha nyati, hilo liliokoa maisha. Ubaya wake ulijulikana mapema: mvua ya siku moja ilivuja siku tatu, mchanga ulidondokea chakula, na nyoka walipenda paa hilo kama wenyeji wenyewe. Mbaya zaidi, mtu akishajisitiri vizuri chini, huahirisha kujenga juu.

Kulima kulikuwa kazi nyingine. Mizizi ya nyasi za nyika imefumana kama mkeka, na kuivunja mara ya kwanza huhitaji plau maalumu na jozi mbili au tatu za maksai. Nicodemus ilikuwa na farasi wachache mno. Wengi walitumia sepetu na jembe la mkono. Mbegu za mwaka wa kwanza katika ardhi ya namna hiyo hupandwa kwa kupasua bonge kwa shoka na kudondosha punje katika ufa, na mavuno yake ni haba hata mvua ikiwa nzuri, kwa sababu mizizi iliyopinduliwa huhitaji mwaka mzima kuoza. Ndiyo maana mwaka wa pili ulikuwa na njaa kama wa kwanza.

*Kukataa misaada, 1879.* Wajumbe walikuwa wametumwa Kansas mashariki na kwingineko kuomba nguo, mbegu na chakula. Misaada ilikuja, na pamoja nayo ikaja minong'ono: nani amepokea nini, nani ameuza. Mwaka huo pia wimbi kubwa la wahamiaji Weusi kutoka Mississippi na Louisiana liliingia Kansas, na magazeti yakaanza kuwaita wote ombaomba. Viongozi walichagua kufunga mlango wa misaada kabla haujafungwa na wengine. Waliokuwa na mavuno waliunga mkono kwa urahisi. Waliofika karibuni ndio walioumia, na historia za kujivunia mara nyingi huwaruka hao.

*Hati fungani za reli.* Hapa ndipo hadhi ya kutosajiliwa inapoeleweka vibaya. Watu hudhani makazi yasiyosajiliwa hayawezi kufanya jambo lolote la pamoja. Nicodemus haikuwa na uwezo wa kukopa, ila taunishipu ilikuwa nao, na wakazi walikuwa wengi katika taunishipu. Walipita mlango huo. Kwa kawaida hati za aina hii zilikuwa na sharti: treni isipofika, deni halianzi. Kwa hiyo kura ile haikuwa kamari ya kijinga. Walichokosa ni mkataba unaoifunga kampuni. Ahadi ilikuwa ya upande mmoja: wananchi wamesema "tutalipa", kampuni imesema "tutaangalia".

*Wenye maduka kuhama.* Tuhesabu. Gari la farasi wawili hubeba tani moja na nusu hivi kwenye njia kavu, na safari ya km 10 kwenda na kurudi na mzigo humaliza sehemu kubwa ya siku. Mkulima huifanya mara chache kwa msimu, kupeleka ngano kituoni. Mwenye duka angeifanya kila wiki, na kila gunia la sukari lingefika kwake na gharama ya usafiri ambayo mshindani wa Bogue hana. Isitoshe, mkulima aliyekwisha peleka ngano Bogue atanunua mafuta ya taa hukohuko. Mteja alikuwa amehama kabla ya muuzaji. Kuwaita wenye maduka wasaliti, kama ilivyosemwa wakati ule, ni kuwaonea.

Matokeo

Kama mji wa biashara, Nicodemus ilikufa ndani ya miezi michache ya mwaka 1888. Kama jumuiya ya wakulima iliendelea zaidi ya miaka 40 tena, na baadhi ya majengo yake yalijengwa baada ya "kifo" hicho: kanisa la Kibaptisti mwaka 1907, shule mwaka 1918, ukumbi wa taunishipu mwaka 1939 kwa fedha za mpango wa serikali wa ajira. Hakuna anayejenga kanisa la mawe mahali anapopanga kuondoka.

Kufikia 1950 waliobaki mjini walikuwa 16. Hata hivyo kila mwaka mwishoni mwa Julai wazao kwa mamia hurudi kwa sherehe ileile iliyoanza 1878.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni hati za mashamba. Kampuni ya mji iliuza viwanja vidogo, na thamani ya viwanja hivyo ilitegemea reli. Ekari 160 zilizodaiwa serikalini hazikutegemea hilo. Familia zilizokuwa na vyote viwili, kiwanja mjini na shamba nje, zilinusurika. Zilizoweka fedha zote mjini zilihama. Anayechunguza historia ya makazi madogo aanze na daftari la ardhi kabla ya picha za barabara kuu, kwa sababu picha humwonyesha biashara tu, na biashara ndiyo ya kwanza kukimbia.

Pili ni kwamba taasisi zake zilikuwa zimesambaa. Shule ilikuwa ya wilaya ya shule, ya kwanza katika kaunti nzima kupewa namba. Makanisa yalikuwa ya waumini, ukumbi wa taunishipu, mashamba ya familia. Mji uliosajiliwa ukipungukiwa watu hubaki na madeni, baraza lisilofikia akidi, na hatimaye hati ya kufutwa. Nicodemus haikuwa na cha kufutwa. Hapa naona watafiti wengi wakikosea wanapoandika kwamba kutosajiliwa kulikuwa udhaifu wake. Kabla ya 1888 huenda. Baada ya 1888 kulikuwa kinga.

Kilichoshindwa ni habari. Tangazo la 1877 halikuwa uongo mtupu: udongo ulikuwa mzuri, ardhi ilikuwapo. Lilinyamazia mvua, miti na tarehe. Mambo hayo matatu mtu mmoja aliyetumwa mapema kuangalia angeyaripoti kwa barua. Baadhi ya makanisa ya Kentucky hayakutuma mtu. Gharama ya uzembe huo ni familia zilizorudi, na pamoja nazo nguvu kazi na fedha kidogo zilizokuwapo.

Kuhusu reli, maelezo matatu hushindaniwa: ubaguzi, jiografia ya mto, na faida ya ardhi. Halazimiki mtu kuchagua moja. Kampuni za reli za wakati ule zilipata faida kubwa kwa kupima miji yao wenyewe pembeni ya njia na kuuza viwanja. Mji uliokwisha kuwapo, wa rangi yoyote, haukuwapa faida hiyo. Miji mingi ya Weupe ilipitwa kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba mji wa Weupe uliopitwa ulikuwa na mawakili, wabunge na wakopeshaji wa kupiga nao kelele. Nicodemus ilikuwa na McCabe, naye muda wake wa ukaguzi wa hesabu ulikuwa umekwisha mwanzoni mwa 1887, mwaka uleule wa kura ya hati fungani.

Sherehe ya kila mwaka inastahili kuangaliwa kwa jicho la kiutendaji. Ina tarehe isiyobadilika sana, haimtegemei kiongozi mmoja, na haihitaji mtu awe mkazi ili ahusike. Ndiyo iliyowakusanya wazao waliotoa simulizi, picha na hati wakati wa kuomba kutambuliwa rasmi. Ombi la miaka ya 1990 halikuanza na faili. Lilianza na watu waliokuwa wamezoea kukutana.

Utambuzi wa 1996 una ugumu wake. Sheria iliyataja majengo matano: hoteli, shule, makanisa mawili na ukumbi. Idara ya Hifadhi ilinunua kanisa la AME tu, lililokuwa karibu kuanguka, na ukumbi ukatumika kupokea wageni. Mengine yalibaki mikononi mwa wenyewe. Jiwe la chokaa la eneo hili ni laini, hukatwa kwa msumeno likiwa bichi, na hunywa maji. Vizazi vya baadaye viliyapaka majengo plasta ya saruji kwa nia njema. Saruji ikafungia unyevu ndani, na barafu ya majira ya baridi ikamega jiwe kutoka nyuma ya plasta. Kurekebisha kunahitaji kuibandua plasta hiyo polepole na kujaza kwa chokaa, si saruji, na kazi hiyo haiwezi kuanza kwenye jengo ambalo mwenyewe hajakubali.

Na mashamba? Kizazi baada ya kizazi, ekari 160 za babu mmoja zimegawanywa kwa warithi walio mijini, wengi wao wakikodisha kwa majirani. Wakulima Weusi waliobaki eneo hilo ni wachache. Miaka ya 2000 baadhi yao walijaribu teff, nafaka ya Ethiopia inayovumilia ukame. Mashine za kuvuna ngano hupoteza teff nyingi kwa sababu punje ni ndogo mno, hivyo kila kiungo cha mashine kilipaswa kuzibwa kabla ya kuingia shambani.